Mshipa Gani?

Hotuba niliyoitoa Ngomeni, Lamu, baada ya swala ya alasiri. Nimeiandika karibu kama ilivyonitoka mdomoni, na majibu ya maswali niliyoulizwa nimeyatia mahali pake.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mashekhe zetu, wazee wangu, mama zangu mliokuja kwa mashua kutoka Matondoni na Kipungani, vijana mlioacha punda wenu hapo Mkunguni mkaingia kusikiliza: ahsanteni sana. Mimi ni mtoto wa Langoni. Kazi yangu iko Mombasa, kwenye mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, hiyo mnayoisikia ikiitwa MRI. Nimeombwa nizungumze juu ya ganzi, juu ya mikono inayolegea na nyayo zinazowaka usiku, na juu ya picha za siku hizi zinazoweza kutuonyesha neva yenyewe inaumwa wapi.

Naanza na neno, maana neno hilo ndilo lililonileta. Mtu akiingia chumbani kwangu nikamuuliza ana nini, huniambia, "Nina mshipa." Sasa mshipa gani? Kwetu pwani, njia ya damu ni mshipa. Kano inayokaza ukikunja ngumi ni mshipa. Ngiri nayo ni mshipa, na mzee akisema kwa sauti ya chini kwamba mshipa unamsumbua, sote tunaelewa tukanyamaza. Na mshipa ni huu wa fahamu pia, uzi unaopeleka amri na kurudisha hisia kati ya ubongo na ncha za vidole, ambao tunauita neva. Vitu vinne, jina moja. Si kwamba lugha yetu ni maskini. Kila kamba ya jahazi ina jina lake, na hakuna baharia wa hapa atakayeambiwa ashike henza akashika demani. Lakini kamba za jahazi tunaziona. Hizi za mwilini zimezikwa ndani ya nyama, na usichokiona ni rahisi kukichanganya na jirani yake.

Mchanganyo huo ulimpotezea mkono mtu wa nyumbani kwetu. Ameniruhusu nimtaje bila jina, na yuko humu ndani, kwa hiyo nitasema mbele yake.

Ami yangu alikuwa fundi wa mashua. Siku moja alianguka kutoka juu ya mashua iliyokuwa imepandishwa pwani, akaangukia bega la kulia, shingo ikaenda upande wa pili. Alipigwa eksirei. Mifupa mizima. Akaambiwa, "Ni mshipa umevutika, utarudi." Akakandwa kwa mafuta ya simsim asubuhi na jioni. Vidole vyake vilishika vizuri, na hilo lilitudanganya sote. Lakini bega halikunyanyuka na kiwiko hakikukunja. Kijiko kilishikwa barabara, ila hakikufika kinywani. Tukasubiri. Alipofikishwa kwenye mashine ilikuwa imepita miezi 14, na mimi ndiye niliyempanga kitandani na kuiona picha kabla ya daktari.

Mkono unatoka shingoni. Mizizi mitano ya neva hutoka kwenye uti wa mgongo, minne kutoka chini ya shingo na mmoja juu ya kifua, ikasukana begani halafu ikagawanyika kuwa neva za mkono. Kwa ami mizizi miwili ya juu ilikuwa imeng'oka kutoka kwenye uti. Pale ilipokuwa palibaki vifuko vya maji, vyeupe kwenye picha. Mzizi uliong'oka haurudi kwa kusubiri, wala kwa kukandwa, wala kwa dawa. Ile kauli ya mshipa umevutika ilikuwa kweli, na haikutosha. Umevutika mpaka wapi? Umenyooka tu, umechanika, au umeng'oka? Hayo ni magonjwa matatu, na kila moja lina njia yake.

Na kuna jambo la wakati, ambalo nataka litoke nanyi humu ndani hata mkisahau mengine yote. Neva iliyokatika huota upya kwa mwendo wa milimita 1 kwa siku, takriban. Hiyo ni sentimita 3 kwa mwezi. Kutoka shingoni mpaka msuli wa mbele ya mkono, ule unaokunja kiwiko, pimeni wenyewe: shubiri moja na zaidi. Ni karibu mwaka mzima wa safari. Na msuli haungojei milele. Ukikaa mwaka mmoja, mwaka na nusu, bila neva, unasinyaa na nafasi yake huchukuliwa na mafuta. Neva ikifika baada ya hapo haina wa kumpa amri. Mwaka 1994 daktari wa upasuaji wa Ufaransa, Christophe Oberlin, alitangaza njia ya kuchukua nyuzi chache kutoka neva inayofanya kazi, ile inayopita nyuma ya kiwiko kwenda kidole cha mwisho, na kuzishona kwenye tawi la msuli wa mbele ya mkono, karibu kabisa na msuli wenyewe. Safari ya mwaka inakuwa ya miezi michache. Ami alikuwa mtu wa kufaa hasa kwa upasuaji huo, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vizima. Lakini ni kazi ya miezi ya mwanzo. Miezi 14 imeshapita, daktari aliniambia, na akanionyesha msuli kwenye picha: ulikuwa umegeuka mafuta.

Sasa niwaeleze mashine inavyoona, maana nataka mjue picha hii inatoka wapi.

Mwili wetu ni maji mengi, na kila tone la maji limejaa protoni za haidrojeni. Kila protoni ni kama sindano ndogo ya dira. Dira ya nahodha hugeuzwa na sumaku ya dunia. Nguvu ya sumaku hupimwa kwa tesla. Mashine yangu ina sumaku ya tesla 1.5, na nyingine tesla 3, nguvu ya zaidi ya mara 30,000 kuliko ile ya dunia. Ukilala ndani, sindano hizo zinajipanga. Tunazisukuma kwa mawimbi ya redio, zinayumba, na zinaporudi zinatoa sauti ya redio ambayo mashine inaisikiliza. Sindano zilizo ndani ya mafuta, ndani ya msuli na ndani ya neva hazirudi kwa mwendo mmoja, na tofauti hiyo ndiyo picha. Hakuna mionzi ya eksirei humo. Kuna kelele ya kugonga, kubwa, ndiyo maana tunawaziba masikio.

Kwa miaka mingi mashine hizi zilionyesha ubongo na uti vizuri, lakini neva za mikono na miguu zilipotea. Neva ni nyembamba, imezungukwa na mafuta yanayong'aa, na sambamba nayo zinapita vena zenye damu iendayo polepole, nazo zinang'aa kama neva. Mwaka 1993, Aaron Filler, Franklyn Howe na wenzao waliandika katika jarida la Lancet jinsi ya kuitoa neva peke yake. Unazima mafuta. Unazima damu inayokwenda. Unabakisha maji yaliyotulia ndani ya neva. Nilipojifunza hilo mara ya kwanza nilikumbuka neno letu, kwa sababu mashine ilikuwa inapambana na swali lile lile: mshipa gani? Na hata leo inaweza kukosea. Kano kwa kawaida huwa nyeusi kwenye picha, lakini ikilala kwa pembe ya nyuzi 55 hivi dhidi ya sumaku, inang'aa bila ugonjwa wowote, na neva pia hufanya hivyo. Msomaji asiyejua hilo atampa mtu asiyeumwa ugonjwa. Kwa hiyo mashine kali bila jicho lililofunzwa ni hatari.

Nani hapa amewahi kusokota kamba ya makumbi? Mikono mingi, alhamdulillahi. Basi mnaijua neva tayari. Nyuzi nyembamba sana, ambazo ndizo zinazobeba habari, zimefungwa pamoja kuwa vifungu. Vifungu vikafungwa pamoja kuwa kamba. Na kila tabaka lina ala yake. Nyuzi nyingi zimevikwa mailini, utando wa mafuta unaofanya habari iende mbio. Kwenye picha nzuri ya tesla 3, ukiikata neva ya paja kwa upande, unaviona vifungu vyake kimoja kimoja kama sega la nyuki. Neva ikibanwa inavimba juu ya pale ilipobanwa, vifungu vinanenepa, maji yanazidi, inang'aa. Ukifuata mng'ao huo picha baada ya picha unafika mahali penyewe, kama vile unavyopapasa kamba gizani mpaka kidole kikagusa fundo.

Lakini kung'aa peke yake hakutuambii kama nyuzi za ndani zimekatika. Hapo ndipo inapoingia picha nyingine, inayopima mwendo wa maji yenyewe, na hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Fikirini maji ya Mkanda, kati ya Manda na bara. Mikoko huku na huku, njia nyembamba. Maji yakijaa yanaingia, yakitoka yanatoka, na hayana pa kwenda pengine. Sasa fikirini bahari kuu nje ya Shela: maji yanakwenda kila upande. Ndani ya neva nzima, maji yako Mkanda. Kuta za nyuzi na mailini zinayazuia kwenda kando, yanatembea kwa urefu. Neva ikiharibika, kuta zikibomoka, maji yanaanza kutawanyika. Denis Le Bihan, Mfaransa, alianza kupiga picha za mwendo huo wa maji katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 1994 yeye, Peter Basser na James Mattiello huko Marekani wakatoa hesabu ya kujua maji yanaelekea wapi katika kila nukta ya picha. Hesabu hiyo hutupa namba kati ya 0 na 1. Sifuri ni bahari kuu, moja ni mfereji usio na mwanya. Neva nzima ya mkono mara nyingi iko nusu au juu kidogo ya nusu. Ikiumia namba inashuka, na ikipona, nyuzi zikiota tena, namba inapanda. Unaweza kumfuatilia mgonjwa mwezi kwa mwezi bila kumchoma sindano.

Mtaona katika simu zenu picha za neva zenye rangi, nyekundu, buluu, kijani, kama nyuzi za hariri. Ni nzuri sana. Nawaomba mjue kwamba hizo rangi na hizo nyuzi zimechorwa na kompyuta kwa kufuata mwendo wa maji. Hazikupigwa kama anavyopigwa mtu picha. Mgonjwa akitikisika kidogo, uzi unaweza kuonekana umekatika na haukukatika. Na namba ya mashine moja hailingani moja kwa moja na ya mashine nyingine, na inashuka kidogo kadiri umri unavyokwenda. Mimi hulinganisha mkono wa mtu na mkono wake wa pili inapowezekana.

Jambo jingine ambalo mashine inalijua mapema ni msuli. Msuli ukikosa neva hubadilika maji yake, na huonekana umeng'aa ndani ya siku kadhaa mpaka wiki mbili. Kipimo cha umeme wa misuli, kile cha sindano, mara nyingi kinahitaji wiki mbili au tatu ndipo kionyeshe dalili. Na misuli iliyong'aa inakwambia neva ipi imeumia, kama vile mitaa iliyokosa taa inavyomwonyesha fundi umeme waya upi umekatika. Hata hivyo kipimo cha umeme hakiachwi. Kinatuambia neva inafanya kazi kiasi gani. Picha inatuambia imeumia wapi na kwa nini.

Watu wa sukari sasa. Ganzi ya sukari inaanza nyayoni, kama soksi, moto usiku, mtu hata shuka hataki imguse. Kwa hiyo tulidhani neva inaharibika kuanzia nyayo. Watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walipopiga picha za neva kubwa ya mguu kutoka nyongani mpaka kifundoni, walikuta madoa ya ugonjwa yamejaa pajani. Maumivu yako chini, kidonda cha neva kiko juu. Hilo halibadilishi unachopaswa kufanya nyumbani. Punguza sukari, kagua nyayo kila usiku, na usitembee peku kwenye mchanga wa saa saba ukisema huhisi moto. Usiohisi ndio unaokuunguza.

Kuhusu mama wanaoshona kofia, na wanaokuna nazi, na wajawazito, ambao vidole gumba, cha shahada na cha kati hufa ganzi usiku mpaka wakaamka kukung'uta mkono: hiyo karibu kila mara ni neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono. Msikimbilie Mombasa. Inajulikana kwa kuuliza na kushika. Ukigonga pale neva inapobanwa, mtu anahisi cheche vidoleni. Paul Hoffmann wa Ujerumani na Jules Tinel wa Ufaransa waliandika dalili hiyo mwaka mmoja, 1915, kila mmoja akitibu majeruhi wa upande wake wa vita. Kuna gango la usiku, kuna sindano, kuna upasuaji mdogo. Altrasaundi inaitosha neva iliyo karibu na ngozi, na ni ya bei nafuu. MRI tunaiwekea zile za kina: shingoni na begani, nyongani, pajani, na pale ambapo kuna shaka ya uvimbe, au mtu ameshapasuliwa na ganzi imerudi.

Na ukoma. Najua watu hawapendi kulisikia neno hili katika mkutano. Ukoma ni ugonjwa wa neva. Baka lisilohisi pamba likiguswa, neva nyuma ya kiwiko iliyonenepa kama kamba, kidole kinachojikunja. Huo haungojei mashine yangu hata siku moja. Dawa zake ni za bure na zinaponya. Mtu aende hospitali wiki hiyo hiyo, na asifichwe.

Nimeulizwa kwa nini mashine haiko hapa. Mashine ya tesla 1.5 inataka heliamu, gesi iliyopozwa mpaka chini ya nyuzi 260 za hasi, umeme usiokatika, chumba kilichozibwa mawimbi ya redio, na watu. Mwaka 2022 wenzetu wa Mbarara, Uganda, wakishirikiana na Leiden ya Uholanzi, waliunganisha mashine ndogo ya tesla 0.05 hivi, isiyotaka heliamu, kwa ajili ya watoto wenye maji kichwani. Nilifurahi nusura nilie. Kwa ubongo wa mtoto inafaa. Kwa vifungu vya neva bado. Nguvu ni ndogo, neva ni nyembamba. Kwa hiyo kwa sasa mwenye mkono uliolegea atavuka Mokowe, atakwenda zaidi ya kilomita 300 mpaka Mombasa. Ninajua nauli. Ninajua maana ya kumwacha mgonjwa mwingine nyumbani ili umpeleke huyu. Ndiyo sababu nasema apelekwe anayestahili, mapema, akiwa na barua inayosema hasa ni misuli ipi haifanyi kazi. Barua iliyoandikwa "maumivu ya mkono" inanifanya nipige picha ya mahali siyo kwa dakika 45, na mtu anarudi na bahasha isiyo na jibu.

Mafundi wa mashua na wa kuchomelea vyuma, nina neno nanyi peke yenu. Ikiwa chembe ya chuma iliwahi kukuingia jichoni, hata miaka 20 nyuma, sema kabla hujaingia. Sumaku inaweza kuisogeza, na jicho likaenda. Tutapiga eksirei ya macho kwanza. Vilevile mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, au kibanio alichotiwa ndani ya kichwa kwa upasuaji.

Mama mmoja hapo nyuma ameuliza kama nimekuja kuwaharibia wakandaji riziki yao. Hapana, mama. Nyanya yangu alikuwa mkandaji, na mikono yake ilinifunza kushika mgonjwa kabla sijashika mashine. Nawaomba kitu kimoja tu: kabla hujatia mafuta, mwambie mtu anyanyue bega, akunje kiwiko, akunjue kiganja, atanue vidole. Mguu nao, ainue wayo huku kisigino kiko chini. Anayevukwa na ndara bila kujua, huenda neva ya pembeni mwa goti imebanwa. Kikikosekana kimoja katika hivyo, usimkande. Mwandikie hicho kilichokosekana, na muende naye hospitali kesho yake asubuhi.

Nimekuja na pamba, pini na nyundo ya mpira. Meza iko pale chini ya dirisha, na mama zangu wana chumba chao upande wa kushoto, dada yangu atakuwa huko. Utakapoketi nitakuuliza una nini. Usiniambie mshipa. Nionyeshe kwa kidole ganzi inaanzia wapi na inaishia wapi. Ami, njoo utangulie wewe, tupime mkono wako mzima kwanza, watu waone inavyofanywa.